Ujirani Wenye Magurudumu

Ukitaka kuijua kambi ya karavani, fika Ijumaa alasiri, saa ambayo familia zinaanza kuingia. Usingoje usiku, moto ukishawashwa na gitaa limeshatolewa, maana mbele ya moto kila mtu huonekana mwema. Fika wakati baba wa watoto watatu, aliyeshika usukani tangu asubuhi, anatakiwa kuirudisha rivasi nyumba ya mita nane katikati ya miti miwili. Mkewe amesimama nyuma akipunga mikono ambayo mumewe haioni kwenye kioo. Watoto wana njaa. Magari mengine mawili yamesimama yakisubiri njia.

Kurudisha tela nyuma ni kazi inayokwenda kinyume na mazoea ya mikono. Ukikata usukani kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukizidi kukata unajikunja, na usipowahi kusimama kona ya karavani inagonga ubavu wa gari lako mwenyewe. Dereva wa lori wa Dar es Salaam ana utingo wa kumpigia bodi na kumwambia njoo, njoo, simama. Familia ya Marekani inayokwenda kambini haina utingo. Ina mke na mume, na wote wawili wamechoka.

Hapo ndipo watu wanapoinuka kwenye viti vyao vya kukunja. Hawaulizi kama msaada unatakiwa. Mmoja anakwenda kusimama upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo. Mwingine anakaa kwenye mti wa nyuma. Mzee mmoja, na wazee wa namna hii hawakosekani, anakuja dirishani kumfundisha dereva jambo ambalo wenye karavani wameambizana miaka nenda miaka rudi: shika usukani kwa mkono mmoja, sehemu yake ya chini kabisa, kisha sahau habari za kulia na kushoto; mkono wako unakokwenda ndiko mkia wa tela utakakokwenda. Karavani inaingia. Kabla haijafunguliwa kwenye gari, mtu ameshaweka kabari kwenye matairi. Mwingine amekuja na pima maji, anailaza sakafuni, anasema upande wa kulia umezama vidole viwili, na vipande vya mbao vinatolewa kwa jirani ili tairi lipandishwe. Wala si kwa ajili ya unadhifu. Friji nyingi za karavani hupoza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na nyumba ikiinama mzunguko huo unakwama na chakula kinaharibika.

Familia hiyo haijawasha hata jiko, lakini tayari majirani kadhaa wameshaishughulikia. Imeazimwa mbao, imefundishwa, imepewa maji baridi, na watoto wameshatokomea na baiskeli pamoja na watoto wa waliowapokea. Wanaosifu mikusanyiko hii husifu moto, nyota na nyimbo. Mimi nashikilia kwamba undugu wake huanzia kwenye rivasi. Huanzia pale mtu mzima anapokubali kushindwa jambo mbele ya watu asiowajua, nao wakaliona kuwa ni jambo lao.

Karavani ninayoizungumzia ni nyumba ya kukokotwa na gari: vitanda, jiko, sinki, choo, tangi la maji safi chini ya sakafu na matangi mengine mawili, moja la maji ya vyombo na jingine la maji ya choo. Nyingi hutengenezwa Elkhart, Indiana, na vitongoji vyake. Mwaka 2021 kaya zaidi ya milioni 11 za Marekani zilikuwa na nyumba za magurudumu, za kukokotwa au zenye injini zake. Wengi husafiri peke yao, na viwanja vya kulala vimetapakaa kila jimbo. Lakini wapo wanaojiunga na vyama, na mara moja au mbili kwa mwaka chama huchagua uwanja, watu wakalipia nafasi zao, wakaja kukaa pamoja siku tatu, pengine wiki nzima. Huja karavani 20, huja mia kadhaa. Mratibu ni mwanachama mwenzao, asiyelipwa, ambaye mwaka ujao atampisha mwingine.

Desturi hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, wasafiri waliokuwa wamekimbia baridi ya kaskazini kwa magari yao waliunda umoja wakajiita Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo. Walilala kwenye mahema na katika mabodi ya kujiundia wenyewe juu ya gari la Ford. Wenye mahoteli hawakuwapenda kwa sababu hawakulala hotelini, na kwa chakula chao cha makopo wenye migahawa pia hawakuona faida kwao. Alama yao ilikuwa kopo tupu la supu lililochomelewa kwenye kifuniko cha rejeta. Ukiwa njiani ukaona gari lenye kopo limesimama pembeni, unajua ni mwenzako na unajua unachotakiwa kufanya. Masharti yao yalikuwa mepesi mno kwa chama kilichoenea nchi nzima: kambi iachwe safi, watu waishi kwa adabu, wapendane, wastarehe kistaarabu. Umoja huo ulififia baadaye ukafa, hadi mwaka 1998 Forrest na Jeri Bone walipoufufua huko Michigan kwa ajili ya wapenzi wa karavani za zamani.

Aliyeufikisha mkusanyiko wa karavani mbali kuliko wote ni Wally Byam. Alizaliwa Oregon mwaka 1896, na alipokuwa kijana alichunga kondoo akilala katika kigari kilichovutwa na punda, chenye jiko la mafuta ya taa na ndoo ya maji. Miaka mingi baadaye, mkewe Marion alipokataa kulala chini kwenye ardhi, Byam alimjengea chumba juu ya chasi ya Ford. Kutokana na chumba kile ilizaliwa kampuni ya Airstream, na mwaka 1936 ilitoka karavani ya Clipper, ya aluminiamu iliyopigwa ribiti mwili mzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili Byam alianza kuongoza misafara. Ule wa kwanza, mwaka 1951, ulikwenda Mexico na Amerika ya Kati. Karavani 63 ziliondoka, na ni chache tu zilizostahimili njia hadi mwisho.

Kwa msomaji wa Kiswahili, msafara wa kukumbukwa ni ule ulioanza Cape Town mwaka 1959 na kumalizikia Cairo mwaka 1960. Karavani 41 zinazong'aa zilipanda bara letu kutoka kusini hadi kaskazini, na ya Byam mwenyewe ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Walipita Rhodesia. Walipita Kongo ya Wabelgiji, ambayo ndani ya mwaka mmoja ingekuwa nchi huru. Walipita Kenya ikiwa bado koloni la Mwingereza. Addis Ababa walikutana na Mfalme Haile Selassie. Mpigapicha kijana, Pete Turner, alikuwa nao miezi saba, na safari ile ndiyo iliyomjenga akaja kuwa mmoja wa mabingwa wa picha za rangi duniani. Mwishoni walizipanga karavani zao chini ya mapiramidi ya Giza, na picha ile hadi leo hutundikwa katika nyumba za wapenzi wa Airstream.

Waliokuwamo wengi walikuwa watu wazima waliostaafu, wala si askari au wavumbuzi. Walikuta barabara ambazo hazikuwa barabara. Matope yalizizamisha tela hadi kwenye ekseli, na ekseli zenyewe zilivunjika. Msafara wa namna hiyo hauna njia ya kumwacha mtu nyuma, na aliyevutwa leo kesho yake alikuwa mvutaji. Ninapotazama picha za safari ile, hizo karavani zilizopangwa duara nyikani, milango yote ikielekea ndani, naona uzuri na naona kasoro katika mpango ule ule. Ndani ya duara watu walikuwa ndugu. Nje ya duara walikuwapo wenyeji wa nchi hizo, wakitazama. Byam aliamini kwa dhati kwamba safari zake zitawakutanisha watu wa mataifa uso kwa uso, na mara nyingine ziliwakutanisha kweli. Lakini duara lina ndani na nje, na nitalirudia jambo hilo.

Chama kilichopewa jina la Byam kilianzishwa mwaka 1955 huko Kentville, Nova Scotia, wakati wa msafara wa mashariki mwa Kanada. Wanachama walivaa bereti za buluu. Kila karavani ilibandikwa namba kubwa nyekundu mbele na nyuma, namba ya mwanachama, na mtu akikupita njiani anaweza kufungua kitabu cha chama akakuita kwa jina lako mtakapoegesha. Wapo wanachama wanaoandikisha uwanja wa nyumba zao ili mwenzao anayepita apaegeshe usiku mmoja bila malipo. Fikiria maana ya jambo hilo katika nchi ambayo mtu hubisha hodi kwa kupiga simu kwanza.

Nirudi kambini, sasa ni Jumamosi.

Chakula cha jioni ni cha kuchangiana. Meza ndefu zinaunganishwa chini ya miti, na kila familia inakuja na chungu kimoja cha kula watu wote, pamoja na sahani zake, vijiko vyake na viti vyake. Kuna maharage yaliyopikwa kwa sukari na nyama, viazi vya mayai, kuku wa kukaanga, mahindi, keki zisizo na idadi. Hakuna mwenyeji na hakuna mgeni. Sisi tuna methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe hutolewa saa ya kwanza, na anayelipokea hufurahi, kwa sababu ndilo linalomwambia kwamba amehesabiwa. Familia iliyoingia jana kwa taabu leo imekabidhiwa kazi ya kupanga meza. Yule baba wa rivasi yupo kwenye jiko la mkaa na watu watatu, na mazungumzo yao ni juu ya uzito.

Mazungumzo ya uzito yanastahili kusikilizwa. Karavani ikipakiwa vibaya, mizigo mingi ikikaa nyuma, kiungio cha mbele kinakuwa chepesi, na ikishika kasi barabara kuu huanza kuyumba. Ikiyumba vya kutosha hulizungusha gari linaloivuta, na familia nzima inakwenda mtaroni. Kanuni ni kwamba asilimia kama 10 hadi 15 ya uzito wa karavani ikalie kiungio. Mtu anaweza kusoma hayo katika kijitabu alichopewa dukani. Lakini wengi huyajua kambini, pale jirani anapochungulia nyuma ya karavani yako, akaona baiskeli nne zimefungwa kwenye bampa na tangi la maji ya vyombo limejaa, akakwambia kwa sauti ya chini kwamba asingependa uondoke na watoto ukiwa hivyo. Jumapili asubuhi wanahamisha baiskeli pamoja. Sijui kama kuna upendo wa wazi zaidi ya huo kati ya watu waliofahamiana juzi.

David na Dorothy Counts, wanaanthropolojia waliofundisha vyuo vikuu vya Kanada, walilielewa jambo hili kwa njia ndefu. Kuanzia miaka ya 1960 waliishi na watu wa Kaliai katika kisiwa cha New Britain, Papua New Guinea. Huko walijifunza kwamba kijijini chakula cha jirani hakinunuliwi kwa fedha. Kinapokewa, kisha siku nyingine kinarudishwa kwa namna nyingine. Anayekataa zawadi anakataa undugu, na anayelipa papo hapo amefunga mlango. Miaka ya 1990 wataalamu hao wawili waligeuka kuwachunguza Wamarekani na Wakanada waliostaafu wakaishi katika nyumba za magurudumu. Wao wenyewe walichukua karavani wakaenda kukaa nao, na kitabu chao, Over the Next Hill, kilitoka mwaka 1996. Waliyoyaona viwanjani waliyatambua mara moja: watu kugawana chakula, kusaidiana ufundi, kumpokea mgeni kwa desturi maalumu, na kuwa na jamii ambayo haina ardhi yake lakini ina kanuni zake. Walikuwa wamevuka bahari kwenda kujifunza ukarimu, wakaukuta umeegeshwa kwao.

Nadhani udogo wa nyumba nao unachangia. Karavani ya familia ya watu watano ina eneo la chumba kimoja cha kupangisha Tandale, Dar es Salaam. Ukitaka kusimama, kukaa, kupika kitunguu au kumnyamazisha mtoto anayelia, unatoka nje. Turubai linalokunjuliwa ubavuni ndilo sebule, na linafanya kazi ya baraza katika nyumba ya Mswahili: aketiye hapo amekubali kusalimiwa. Nyumba zao za mjini hazina mahali pa namna hiyo. Gereji hufunguliwa kwa rimoti, gari linaingia, mlango unashuka. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka kuionya nchi juu ya upweke, akisema madhara ya kukosa watu yanaweza kulinganishwa na kuvuta hadi sigara 15 kwa siku. Haikuhitajika dawa mpya kuwaponya waliokuja hapa wikiendi hii. Ilihitajika nyumba ndogo kiasi cha kuwatoa nje.

Mvua ikinyesha ndipo utaona zaidi. Matone yanagonga bati la karavani kwa kelele ya kukatisha usemi, watoto kumi na wawili wamejazana chini ya turubai moja wakicheza karata, viatu vyao vya matope vimepangwa mlangoni, na mama ambaye si wa hata mmoja wao anawatengenezea chokoleti ya moto katika sufuria ya supu. Wa kwake wako turubai la tatu. Mtoto akianguka na baiskeli, mtu mzima aliye karibu ndiye anayemwinua, anamwosha goti na kumpeleka kwao, kwa sababu anajua kwao ni wapi. Kwa mzazi wa Kiafrika hayo ni mambo ya kawaida, au yalikuwa ya kawaida. Kwa mzazi wa kitongoji cha Marekani, ambaye mtoto wake hupelekwa kucheza kwa miadi, ni mapumziko ambayo hoteli haiwezi kumuuzia.

Nisiwapambe kupita kiasi. Kuta ni nyembamba, na ugomvi wa mke na mume husikika kwa jirani. Yupo anayewasha jenereta alfajiri, yupo ambaye mbwa wake hajawahi kukanywa, na yupo mwanachama mkongwe anayedhani uwanja ni wake. Saa nne usiku kimya kinatakiwa, na si wote wanaokiheshimu. Kambi huendeshwa na watu kumeza maneno, na wanayameza kwa urahisi kiasi kwa sababu wanajua Jumapili wanaondoka. Muda mfupi unasaidia. Hata hivyo wanaorudi mwaka baada ya mwaka hawarudi kwa ajili ya ufupi wake. Wanapoagana hawasemi kwaheri, husema tutaonana barabarani, na wengi wao huonana kweli.

Saa ninayoipenda kuliko zote ni ile ya milango wazi. Katika mikusanyiko ya karavani za zamani, kama ule ambao Tin Can Tourists huufanya kila mwaka Camp Dearborn, jimbo la Michigan, hutengwa wakati ambapo kila mwenye karavani huacha mlango wazi na yeyote apitaye huingia. Mtu anaingia chumbani kwako. Anaona kitanda chako, kikombe chako cha dawa ya meno, picha ya marehemu mama yako juu ya sinki. Humo ndani mbao nyembamba zimepakwa vanishi hadi zinatoa mwanga wa asali, mapazia yameshonwa kwa mkono, na jiko la gesi la miaka ya 1950 linafanya kazi. Wageni wanauliza maswali ya fundi kwa fundi: maji yalipenyea wapi, ulibomoa ukuta mzima au kona tu, dirisha hili ulilipata wapi. Mwenye nyumba anapiga magoti, anafungua kabati, anaonyesha mahali mbao zilipokuwa zimeoza na jinsi alivyoziunga. Anaonyesha pia mahali alipounga vibaya. Mke wake nje anaandika kwenye karatasi anwani ya mzee anayejua kunyoosha aluminiamu. Watu hawa wanafunguliana nyumba kwa kupitia ubovu wake, na hilo ndilo linalonigusa, kwa sababu ni rahisi sana kwa mtu kumwonyesha mwenzake sebule iliyopangwa.

Sasa nilirudie duara.

Wakati familia za Tin Can Tourists zilipokuwa zikisimama popote wanapoona kopo, familia nyeusi za Marekani zilikuwa zikisafiri na chakula chao chote, mafuta ya akiba na ndoo ya kujisaidia, kwa sababu hawakujua ni wapi watakubaliwa. Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtumishi wa posta wa Harlem, New York, alichapisha kitabu cha mwongozo kikiorodhesha nyumba za kulala, migahawa na vituo vya petroli ambavyo vingewapokea. Hata msituni ubaguzi uliwafuata. Katika hifadhi ya taifa ya Shenandoah, Virginia, watu weusi walitengewa eneo lao la Lewis Mountain, lililofunguliwa mwaka 1939 na kibao kilichosema wazi ni la nani. Hifadhi hiyo haikuacha kabisa kuwatenga watu hadi mwaka 1950. Undugu wa barabarani uliosifiwa katika magazeti ya zama hizo ulikuwa wa kweli kwa waliokuwamo, na ni lazima kuusema pamoja na waliofungiwa nje, la sivyo tunasimulia nusu.

Familia nyeusi hazikuacha kusafiri. Walijijengea mikusanyiko yao, na mwaka 1993 kiliundwa chama cha kitaifa cha wenye karavani Wamarekani weusi, kifupi chake NAARVA. Mikusanyiko yake ina yote niliyoyasimulia, wasaidizi wa rivasi na meza ya kuchangiana, pamoja na ibada ya Jumapili na nyimbo za injili. Mtu akiuliza kwa nini bado kuna haja ya chama cha peke yao, na azitazame tarehe. Bibi aliyekatazwa kuingia uwanja fulani akiwa mtoto hajazeeka kiasi cha kusahau. Kwake, kufika mahali jioni na kuona nyuso zinazomngojea ni jambo zito kuliko kwa mtu ambaye hakuwahi kurudishwa getini.

Undugu wa kambi hupimwa zaidi mtu anapougua. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson walianzisha chama cha Escapees, kwa ajili ya watu ambao nyumba yao ya magurudumu ndiyo nyumba pekee waliyo nayo. Salamu yao ni kukumbatiana, hata na mtu ambaye ndiyo kwanza mmeonana. Makao yao yako Livingston, Texas. Kadiri miaka ilivyokwenda wanachama walizeeka, na swali ambalo hakuna aliyelitaka likafika: mtu aliyeuza nyumba yake zamani, ambaye watoto wake wako mbali na mikono yake haiwezi tena kushika usukani, aende wapi? Kwa desturi ya Marekani angepelekwa katika nyumba ya wazee, karavani ikauzwa, na marafiki wake wa miaka yote wakabaki kuwa kadi za Krismasi.

Escapees walijenga kituo kinachoitwa CARE hapohapo Livingston. Mzee huja na nyumba yake, anaiegesha kwenye kiwanja chake, na anaendelea kulala katika kitanda chake. Mchana kuna ukumbi wa kulia chakula na kukaa pamoja, wauguzi wa kumwangalia, na gari la kumpeleka kwa daktari. Wapo wanaokuja kwa muda tu, baada ya upasuaji au kiharusi, wakipata nafuu wanaondoka. Gharama ni ndogo kuliko ya nyumba ya wazee, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wasiolipwa. Watu hao ni wanachama wenzao. Huja na karavani zao kutoka majimbo mengine, wanapewa mahali pa kuegesha, wanakaa wiki kadhaa wakipika, wakifagia na kuendesha lile gari la hospitali, kisha zamu inachukuliwa na wengine. Wengi wa wazee wanaowahudumia waliwahi kuwasaidia wao, kiwanja fulani, Ijumaa fulani alasiri, kuingiza tela katikati ya miti.